Mama Hakunisindikiza

Palma, Jumanne jioni. Mvua ilinyesha alfajiri ikakata ghafla, na tangu hapo ni joto la kunata mwilini. Nguo nilizoanika jana zimelowa upya. Nimekaa barazani, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji, na moyo haujatulia.

Wachache mnaopita humu mnajua kwamba niliapa kutoandika habari za kazi. Ukurasa huu ni wa manung'uniko yangu, mapishi yangu yanayoungua, na asumini ya jirani ninayoionea wivu. Lakini leo mambo ya kazi na ya nyumbani yamegongana, na sina pa kuyaweka ila hapa.

Namkumbuka mama.

Basi, nimesema. Ningeweza kufunga kompyuta sasa hivi na ningekuwa nimeyamaliza yote.

Kwa aliyeingia leo kwa bahati: naitwa Zubeda, na kazi yangu ni kuwauliza wazee maswali. Ni utafiti wa chuo kimoja kuhusu afya ya wazee wa pwani yetu. Hatutibu. Tunataka kujua watu wanazeekaje huku kwetu: nani anaanguka, nani haoni, nani ameshindwa kuchota maji, nani anakula peke yake. Kisha mwaka unaofuata tunawarudia wale wale, tuone nini kimebadilika. Nina tableti, nina mashine ya presha, nina kifaa cha kubana kwa kiganja kinachopima nguvu za mkono, na nina kamba nyeupe ya kutandaza chini ili mzee atembee juu yake huku mimi nikitazama saa. Watoto wa kijiji cha Quitunda wananiita Mama Inkerito, yaani mama wa maswali, na mimi naitika.

Kazi yenyewe inachekesha kuliko inavyosikika. Kuna sehemu ambayo namsomea mzee maneno, tunazungumza mengine, kisha namwomba ayakumbuke yale maneno. Msimu huu safu nzima ya nyumba ilikumbuka kila neno bila kosa. Nikawa najisifu moyoni kwamba tuna wazee wenye akili kali. Kumbe bibi wa nyumba ya kwanza alikwenda bombani kuwafundisha wenzake, wasije wakaaibika mbele ya mgeni. Ilibidi tubadilishe maneno.

Sasa niwaeleze jambo moja, maana bila hilo la leo halitaeleweka.

Swali la kwanza kwenye tableti linasema: kwa jumla, unaionaje afya yako? Aliyelitunga sijui anatoka wapi na huko watu wanasalimianaje. Kwetu hilo si swali, ni salamu, na salamu ina jibu lake. Mtu ana homa, mguu umevimba, juzi kazika ndugu. Muulize hali, atakwambia nzuri, tunamshukuru Mungu. Kujibu vingine ni kumtwisha mgeni mzigo kabla hajaketi. Kwa hiyo ukisoma tableti yangu, kutoka hapa Palma hadi kijiji cha Mute hakuna mzee mgonjwa hata mmoja.

Ukweli unakuja wakati wa kuondoka. Mgeni akiaga, mwenyeji anainuka naye. Anamsindikiza, awe kijana au kikongwe, na pale njiani, mkienda bega kwa bega bila kutazamana usoni, ndipo mtu anayatoa ya moyoni. Nililigundua hili mapema. Nikimaliza maswali nazima tableti, navaa mkoba, natembea polepole. Mzee aliyeniapia kwamba hajaanguka mwaka mzima, tukifika bombani ananiambia ameanguka chooni, ameanguka na msikitini, na siku hizi anaoga huku ameshika ukuta. Haya nayaandika chini kabisa, pale palipoachwa kwa maelezo mengine. Tableti ingekuwa na adabu, hapo ndipo pangekuwa juu.

Kule vijijini kila nyumba ilikuwa na mahali pake pa kuishia kusindikiza. Wengine kisimani, wengine kwenye kona ya msikiti. Quitunda ni kijiji kipya, cha watu waliopisha mradi wa gesi. Nyumba za tofali zimenyooka safu kwa safu, hujui uwanja wako unaishia wapi. Wanasema mwanzoni bibi wengine walikuwa wanamsindikiza mgeni hadi uwanja wa mtu mwingine, ikabidi na huko wasalimie na wakaribishwe. Hakuna mkutano ulioitishwa, lakini sasa inajulikana. Safu hii wanaishia kwenye bomba, ile wanaishia kwenye nguzo ya taa. Mgeni anaagwa hapo, mwenyeji anageuka.

Mimi mama yangu hakunisindikiza.

Mwaka tuliokimbia vita, mimi nilielekea kusini hadi Pemba, ule mji wetu, si kisiwa. Mama akavuka mto Rovuma pamoja na kaka yangu Bakari, wakaishia kijiji kimoja upande wa Mtwara. Hali ilipotulia nilirudi, na watu wengi wa kwetu Quionga wamerudi. Nyumba yetu nimeiezeka upya. Kitanda chake nimekiwamba kamba mpya. Mama alisema atarudi baada ya korosho. Kisha baada ya mavuno. Kisha mjukuu akitoka jandoni. Kisha baada ya Idi, bila kusema Idi gani.

Mwaka jana nikamfuata. Tulikaa vizuri, tukacheka sana, akanisuka nywele. Njia zilipinda kidogo, nikamtania kwamba uzee umeingia vidoleni. Siku ya kuondoka nikaaga. Akabaki ameketi mkekani. Nikafunga mkoba, nikaufungua, nikaufunga tena, nikimpa nafasi ya kuinuka. Akasema, "Nenda salama, mwanangu. Goti linanisumbua."

Mama yangu huyo! Mwanamke ambaye Quionga alikuwa anasindikiza hata muuza sabuni.

Nilikwenda barabarani peke yangu na sikugeuka nyuma. Nilijiambia kwamba amepata watu wake wengine, mimi nimekuwa wa kupita. Ndani ya gari nikawa nabishana naye kichwani njia nzima. Mimi ni mtu wa kununa, nimeshakiri humu mara nyingi, lakini ile haikuwa kununa kwa kawaida.

Halafu kuna ile picha. Nilipomaliza kuezeka nyumba niliipiga picha, asubuhi, jua limeipiga, nikamtumia kwenye simu ya kaka. Nilisubiri jibu siku nzima. Jioni mama akaniambia kwa furaha, "Nimeiona, mwanangu. Makuti yamekaa vizuri." Makuti! Nyumba nzima inang'aa kwa bati. Nikajua hakuitazama hata kidogo, amenijibu ili tu nimwache. Tangu hapo sikumtumia picha nyingine.

Haya yote nilikuwa nayo tumboni leo asubuhi nilipopanda gari kwenda kazini.

Leo tulikwenda na Dotora Celina, mkuu wa utafiti wetu, aliyekuja kutoka kusini kutuona tunavyofanya kazi. Ni mtu mwema kweli. Anajifunza Kiswahili kwa bidii, na akikosea anacheka wa kwanza. Nyumba yetu ya mwisho ilikuwa ya bibi mmoja nitakayemwita hapa Bi Anchia, maana jina lake si la kuandikwa mtandaoni. Ni mjane, anaishi na binti yake, lakini mchana binti yuko machamba, analima.

Bi Anchia alitupokea na msiro usoni, ule urembo wa mti uliosagwa, mweupe pe, amejipamba kwa ajili yetu. Afya? Nzuri, nguvu tele. Ameanguka? Aanguke kwani yeye embe? Anamtambua mtu aliye upande wa pili wa barabara? Anamtambua. Kile kifaa cha mkono alikibana akauliza ni shingo ya nani. Dotora alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha nikatandaza kamba, na Bi Anchia akatembea juu yake taratibu, kichwa juu, kama bibi harusi anayejua anatazamwa.

Tukaaga. Bi Anchia akashika ukuta ili ainuke, akivuta kanga yake. Dotora akaona jinsi anavyoinuka kwa shida, akamwahi, akamwekea mkono begani.

"Não, vovó, hapana bibi, kaa, kaa. Usijisumbue. Pumzisha miguu. Njia tunaijua."

Alisema kwa huruma yote. Bi Anchia akarudi chini. Akaitandaza kanga magotini, akaipapasa mara moja.

"Haya," akasema. "Kumbe nimeshakuwa wa kukaa."

Dotora akatabasamu akidhani ameshukuriwa. Mimi niliona mkeka mwingine, na mwanamke mwingine aliyeketi juu yake, na sikuweza kufika hata kwenye gari.

Kamba nilikuwa nimeiacha palepale chini. Sikuisahau. Nilimwambia dotora anisubiri kidogo, nikarudi. Bi Anchia alikuwa hajasogea.

"Bibi, ni mimi Zubeda. Nimerudi kuchukua kamba."

"Ipo hapo."

"Naiona. Nimeshaichukua. Sasa nisindikize."

Aliinua uso. Nadhani alikuwa anatafuta kama namcheka. Kisha akanyoosha mkono nikamwinua, na tulipotoka uwanjani akauachia mkono wangu kwa makusudi. Tukaenda. Nimeshatembea naye vile mwaka jana na mwaka juzi, lakini leo kwa mara ya kwanza niliutazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa unateleza kando, chinichini, ukigusa ukuta wa nyumba ya jirani, unakaa hewani, unagusa ukuta unaofuata.

Tulipofika kwenye nguzo ya taa akaishika kwa mikono miwili.

"Mie macho yameondoka, mwanangu," akasema. "La kushoto zamani. Hili jingine linafuata mwenzake."

"Bibi, si umeniambia unamtambua mtu upande wa pili wa barabara?"

"Namtambua. Si anakohoa, anaburuta ndala? Kila mtu ana mwendo wake."

"Na kamba?"

"Kamba naifuata kwa unyayo. Nzuri kamba yako, nene."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Nikamuuliza binti yake anajua? Akasema hajui, na nisimwambie. Kisha akanieleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha mapishi.

"Ukisema macho, wanakunyang'anya kisu. Wanakunyang'anya chungu. Wanakuwekea ntoto wa kukushika nkono, unaongozwa chooni kama mbuzi. Mie siku nikishindwa kufika hapa kwenye nguzo, nitakaa mkekani niseme goti. Wenzangu wengi wanasema goti. Ukisema goti wanakuletea mafuta ya kuchua tu, basi."

Goti.

Na mimi nikaishika ile nguzo. Tulikuwa wawili tumeshika nguzo moja mchana kweupe, na watu wanapita. Bi Anchia akauliza, "Weye una nini tena?" Nikasema jua.

Nilimwomba akubali muuguzi wetu aje amtazame macho. Alikubali baada ya kunisumbua, kwa sharti kwamba binti asiambiwe kwanza. Akageuka, na nikasimama kumwangalia mpaka akaingia kwake, mkono ukigusa ukuta baada ya ukuta.

Kwenye gari nilimsimulia dotora. Yale ya Bi Anchia, kwa ruhusa yake, na desturi yenyewe. Hakuudhika. Tulipoingia barabara kuu akaniuliza kwa nini sikuwahi kumweleza habari za kusindikiza. Nikasema sikujua kama ni jambo la kueleza. Mtu hamwelezi mwenzake kwamba anapumua. Akasema: vipi kama mwakani tutaongeza swali? Unawasindikiza wageni wako? Mpaka wapi? Barabarani, kwenye nguzo, mlangoni, au unabaki umekaa? Tukiuliza kila mwaka, akasema, tutaona umbali unavyopungua kabla mtu mwenyewe hajakubali kwamba kuna kitu.

Ni swali zuri. Ni zuri sana, na nilimwambia hivyo. Kisha nikageukia dirishani kwa sababu macho yangu yalikuwa yamejaa, na dotora, ambaye nimesema ni mtu mwema, hakuniuliza.

Mimi ninayeuliza wazee wa watu kuhusu macho yao kutwa nzima. Ninayejua kwamba salamu si jibu. Kwa simu, kila wiki, nilikuwa namuuliza mama hali, naye ananiambia mzima, nami naridhika kwa sababu nimenuna na sitaki kuzungumza sana. Simu haina kusindikiza. Mtu anasema haya, kwaheri, na imekatika.

Alasiri nikampigia kaka Bakari. Akampa mama simu, akaenda zake dukani. Tukasalimiana. Mzima, watoto wazima, kuku wazima. Nikamuuliza goti, akasema linaendelea, analichua. Nikasikia jinsi alivyolisema upesi.

Nikasema, "Haya mama, mimi naondoka. Nisindikize."

"Nikusindikize wapi, nawe uko kwenye telemovi?"

"Tuko Quionga. Twende mpaka kisimani."

Alicheka kidogo, akasema nimeanza wazimu. Nikafumba macho, hapa hapa barazani, nikaanza kutembea kwa maneno. Tumetoka uwani, mama. Kinu kiko kushoto.

"Kulia," akasema. "Utajikwaa."

Kulia. Tumepita kinu. Sasa nyumba ya fundi cherehani.

"Msalimie mkewe."

Nimemsalimia.

"Anasemaje hali?"

Anasema nzuri.

"Mwongo yule. Ana pumu."

Nilicheka, naye akacheka, na nikasikia anavuta pumzi kama mtu anayetembea kweli. Tukafika kwenye mkorosho ulioinama juu ya njia. Akasema, "Inama, umerefuka siku hizi." Sijarefuka tangu nilipokuwa msichana. Niliinama. Nawaambia kweli, niliinama barazani kwangu mchana, na kama jirani aliniona basi ameniona. Tukapita mkorosho, tukapita uzio wa makuti wenye pengo la mbuzi, tukafika kisimani. Hapo ndipo mama alipokuwa anaishia. Hapo alikuwa ananishika bega, ananitengeneza kola hata kama imekaa sawa.

Upande wake nilisikia kuku, na mtu anatwanga mbali.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Mie sioni."

Nilijua nikisema atakatisha.

"Kwanza ilikuwa kama moshi. Sasa naona mlango kwa sababu ya mwanga tu. Nilipokusuka zile nywele nilisuka kwa kidole. Bakari hajui ni kiasi hiki. Siku ile ulipoondoka nilivisikia viatu vyako mpaka vikaisha. Nikasema, atajua simpendi. Lakini ningeinuka ungeniona ninavyopapasa, ungelia njia nzima, ungeacha na kazi. Nikaona heri unune. Kununa umezoea."

Nikamuuliza, kwa sauti isiyokuwa yangu, kwa nini asirudi nyumbani nimtunze.

"Huku ni kwa watu," akasema. "Nikikaa, ni mgeni nimekaa, hakuna wa kunishangaa. Kwetu watu watakuja kunipa pole, wataaga, nami nimekaa tu kama gunia. Kwetu nikikaa nimekwisha, Zubeda."

Mwaka mzima nimeamini kwamba mama hapataki nyumbani. Kumbe anapataka kiasi hiki. Nikikosa la kusema mimi husema upuuzi.

"Mama, nyumba si ya makuti. Ni ya bati."

"Bati!"

"Bati tupu."

Nikadhani nimemuumiza.

"Basi mvua nitaisikia," akasema.

Hapo ndipo nilipolia. Si kulia kwa adabu. Mama akaniacha nilie, hakuninyamazisha, akawa anasema tu haya, haya. Nilipomaliza akasema, "Pronto, basi, tumefika kisimani. Mie naishia hapa. Nenda salama."

Lakini hakukata simu. Mama hajui kukata simu, siku zote anasubiri upande wa pili ukate. Nilisikia pumzi zake. Nikamwambia asubiri, asikilize. Nikaiweka simu sakafuni, nikavaa viatu, nikaenda mpaka mwisho wa baraza, kule penye pipa la maji. Kisha nikatembea kurudi kwenye simu, taratibu, nikikanyaga kwa nguvu kwenye saruji. Nikainama nikaiokota.

"Umevisikia?"

"Nimevisikia. Vinakuja."

"Ijumaa vitakuwa mlangoni kwako."

Nimeshamwandikia dotora kuomba ruhusa, na ameshajibu. Mwenzangu atamalizia nyumba zangu zilizobaki Mute. Njia ya kwenda mtoni inapita Quionga, kwa hiyo nitalala nyumbani nifagie, nitandike kitanda. Muuguzi wetu anasema kwa maelezo yangu huenda ni mtoto wa jicho, na huyo anatolewa hospitalini, mtu akaona tena. Huenda pia ni ugonjwa ule mwingine, ambao kilichokwenda hakirudi. Hawezi kujua mpaka mtu atazamwe, nami sitaki kumwahidi mama kitu ambacho sina. Nitampeleka kwanza hospitali ya huko huko. Tutakayoambiwa tutayapokea.

Na asipoona tena, je, atakubali kurudi? Sijui. Nimefikiria kufunga kamba kutoka mlangoni kwetu mpaka kisimani, nene kama ile aliyoifuata Bi Anchia, imekazwa kwenye uzio na kwenye mkorosho, aishike kwa mkono. Atasema nimemfanya mbuzi. Au atasema kamba haijakazwa vizuri, na kuikaza upya yeye mwenyewe. Nikimjua mama, la pili.

Giza linaingia na mbu wameanza. Maji ya beseni yamepoa zamani. Nimeshafungasha vitu vichache, gauni jipya la dira la mama, sabuni, sukari. Kwa safari nilikuwa nimeweka ndala, maana vumbi la njia ile ni jingi na miguu yangu inavimba garini. Nimezirudisha ndani. Nitavaa vile viatu vya mwaka jana, vya soli ngumu, vinavyopiga kelele.